Daktari Yuko Ng'ambo

Mgeni akisikia jina la Mombasa, huona Fort Jesus, pembe za Barabara ya Moi na vichochoro vya Mji wa Kale. Hivyo vyote vimo kisiwani, na kisiwani ndiko wanakoishi wachache. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333 katika Kaunti ya Mombasa. Mvita, ambayo ndiyo kisiwa chenyewe, ilikuwa na 154,171 tu. Kisauni peke yake ilikuwa na 291,930, Likoni 250,358 na Changamwe 131,882. Waliosalia walikuwa Nyali na Jomvu. Katika kila wakazi wanane wa Mombasa, saba hulala bara, na wengi wao huvuka maji kila kukicha kwenda kutafuta riziki.

Mtoto akishikwa na homa usiku, bara kuna zahanati, hospitali za kaunti ndogo na maduka ya dawa kila mtaa. Akili ikiumwa, njia huwa ndefu. Kwa miaka mingi watu wa Pwani wamewapeleka wagonjwa wao wa akili Port Reitz, hospitali iliyoko Changamwe, jirani na uwanja wa ndege. Hospitali kuu ya rufaa, Coast General, iko kisiwani. Kwa mkazi wa Chaani au Magongo, kufika Port Reitz ni safari ya tuktuk. Mkazi wa Mtongwe huanza na feri, akatafuta matatu mjini, akavuka tena Makupa. Barabara ya Dongo Kundu imefungua njia ya kuzunguka, lakini humfaa zaidi mwenye gari. Naye mtu wa Utange au Mtopanga hupita daraja la Nyali, hukwama Buxton, hukata kisiwa kizima, ndipo aione Makupa.

Feri ya Likoni haimtozi chochote anayetembea kwa miguu. Gharama yake kwa mgonjwa ni nyingine: umati unaosukumana kwenye mteremko, honi, sauti za vipaza, watu kubanana mgongo kwa kifua. Mtu anayesikia sauti zisizokuwepo huzisikia zaidi katika zogo kama hilo. Na kwa mwenye maradhi ya hofu, feri haiwezi kuwa chombo cha kawaida katika mji ambamo ajali ya feri ya MV Mtongwe ya Aprili 1994 iliua watu 272. Familia nyingi huamua kumuacha mgonjwa nyumbani hadi hali iwe mbaya kabisa, kisha humpeleka akiwa amefungwa kamba nyuma ya gari la kukodi.

Ndiyo maana simu ilipoanza kumleta daktari sebuleni, watu wa bara walikuwa na sababu kubwa ya kusikiliza kuliko wengine.

Wachache, na wako mbali

Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, katika ripoti yake ya 2017 kuhusu huduma za afya ya akili, alikuta Kenya nzima ina madaktari wa akili 92 ilhali ilihitaji 1,533. Wauguzi wa akili walikuwa 327 mahali pa 7,666. Wengi wa madaktari hao walikuwa Nairobi, na chimbuko la hali hiyo ni la kale. Hospitali ya Mathari ilifunguliwa huko mwaka 1910, katika majengo yaliyokuwa ya kuwatenga wagonjwa wa ndui, na kwa vizazi kadhaa ikawa ndiyo anwani ya wazimu wa taifa zima, hata jina lake likageuka tusi la mitaani. Kutoka Likoni hadi Mathari ni kilomita karibu 500.

Mwaka 2020 jopo kazi lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga lilipendekeza afya ya akili itangazwe kuwa dharura ya kitaifa. Lilitoa ripoti yake katika mwaka ambao dharura nyingine ilikuwa imekwisha kubisha hodi. Mgonjwa wa kwanza wa korona alitangazwa nchini tarehe 13 Machi 2020. Tarehe 27 Machi, siku ya kwanza ya kafyu, polisi waliwarushia vitoa machozi abiria waliokuwa wakikimbilia feri Likoni. Kuanzia tarehe 8 Aprili hapakuwa na ruhusa ya kuingia wala kutoka Mombasa, na marufuku hiyo haikuondolewa hadi Julai. Daktari wa Nairobi hakuweza kushuka Pwani. Mgonjwa wa Kisauni hakuweza kupanda Nairobi.

Hapo ndipo mlango uliokuwa nusu wazi ulipofunguliwa. Sheria ya Afya ya 2017 ilikuwa tayari imetambua matibabu kwa njia ya kielektroniki kuwa njia halali ya kutoa huduma. Janga lilipoingia, Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC, likaanza kuziidhinisha hospitali kutibu kwa njia ya mtandao. Mwaka 2023 ikafuata Sheria ya Afya ya Kidijitali. Vifaa vilikuwepo kabla ya sheria: M-Pesa ilizinduliwa Machi 2007, na mwaka 2009 nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zikatua. Zilitua Mombasa. Intaneti inayompa mtu wa Nairobi mazungumzo ya video na daktari wake huingilia Pwani kwanza, ndipo ipande Nairobi.

Daktari kwenye kioo

Wazo lenyewe lina umri mkubwa. Mwaka 1959, huko Nebraska, Marekani, daktari Cecil Wittson na wenzake walianza kutumia televisheni ya njia mbili kuendesha tiba ya vikundi kwa wagonjwa walioko chumba kingine. Kufikia 1964 walikuwa wameiunganisha taasisi yao na hospitali ya akili ya Norfolk, kilomita 180 kutoka hapo. Matibabu ya akili yalifaa kwa jaribio hilo kwa sababu zana kuu ya daktari wa akili ni mazungumzo. Daktari wa meno hana ujanja wa kung'oa jino kupitia kioo.

Swali la kama tiba hiyo inafaa sawa na ya ana kwa ana lilipimwa Ontario, Kanada. Richard O'Reilly na wenzake waliwagawa wagonjwa 495 kwa bahati nasibu: wengine wakaonana na daktari wa akili ana kwa ana, wengine kwa video. Matokeo yaliyochapishwa 2007 yalionyesha kwamba makundi yote mawili yalipata nafuu kwa kiwango kile kile, na gharama ya video ilikuwa pungufu kwa angalau asilimia 10 kwa kila mgonjwa.

Lakini wagonjwa wa Ontario hawakukaa vitandani mwao na simu mkononi. Mpango wa namna ile huwa na chumba kilichotengwa, mashine nzuri na mhudumu aliye karibu. Mkazi wa Bamburi anayelipa miadi kwa M-Pesa na kutumiwa kiungo kwa WhatsApp hupata sehemu moja tu ya huduma hiyo.

Miadi yenyewe huenda hivi. Daktari huuliza usingizi, hamu ya chakula, kazi, ndoa, pombe, miraa na unga. Huuliza moja kwa moja kama mgonjwa amewahi kufikiria kujiua, kwa kuwa kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo. Husikiliza kasi ya maneno, hutazama macho yanaelekea wapi, hupima kama majibu yanafuatana na maswali. Mama au dada akiwa karibu, huombwa aeleze anachokiona nyumbani, maana mgonjwa mwenye akili iliyochangamka kupita kiasi hujiona mzima kuliko watu wote.

Mengine kioo hakionyeshi. Harufu ya pombe haipiti kwenye kamera. Dawa ya haloperidol inaweza kuukaza mwili, na ukazo huo daktari huutambua kwa kuushika mkono wa mgonjwa na kuukunja. Olanzapine huweza kuongeza uzito na sukari, na hilo linataka mizani na kipimo cha damu. Daktari anaweza kumwambia mgonjwa anyooshe mikono mbele ya kamera ili aone kama inatetemeka, ila picha inayokatika kila sekunde hufanya hata mkono uliotulia uonekane unatetemeka.

Kisha kuna wale ambao simu yenyewe ni sehemu ya ugonjwa. Mtu anayeamini kwamba anafuatiliwa kupitia simu yake, kwamba sauti za redioni zinamtaja jina, hawezi kutulizwa na mgeni anayechungulia kutoka kwenye kile kile kifaa anachokiogopa. Kwa wagonjwa wa sonona, wa hofu, wanawake waliolemewa baada ya kujifungua, au waliokwisha tulia na wanaohitaji kufuatiliwa, video hufanya kazi vizuri. Kwa anayeugua kwa mara ya kwanza na amevunja milango, anayehitajika ni mtu aliyesimama chumbani.

Sindano haipiti kwenye waya

Tuseme miadi imekwenda vizuri. Daktari wa Nairobi anatuma karatasi ya dawa kwa simu. Kazi ngumu ndipo inapoanza.

Vidonge vya kawaida kama fluoxetine au amitriptyline vinaweza kupatikana katika duka la dawa. Dawa za kutuliza kama diazepam zinadhibitiwa, na mwenye duka makini hataitoa kwa picha ya karatasi iliyopigwa na mtu asiyemjua. Lithium, dawa kongwe ya maradhi ya baipola, inahitaji damu ipimwe mara kwa mara, kwani kipimo kinachotibu na kinachodhuru vinakaribiana. Wengi wenye skizofrenia hutulizwa na sindano ya fluphenazine, ambayo watu wa kliniki huiita Modecate, inayochomwa kila baada ya wiki mbili hadi nne. Sindano hiyo humwokoa mgonjwa na vita vya kumeza vidonge kila siku, lakini inamtaka nesi, sindano yenyewe na chumba kilicho karibu.

Kisauni inatoa mfano ulio wazi zaidi. Heroini imezitesa familia za Mombasa kwa miongo, na tiba iliyoleta nafuu ni methadoni. Mpango wa serikali wa kuitoa ulianza Mathari Desemba 2014. Pwani ikapata kliniki Malindi mwaka 2015, kisha Kisauni. Kwa kawaida methadoni hunywewa kila siku mbele ya mhudumu, ili isiuzwe mtaani wala isimezwe kupita kiasi. Mgonjwa aliyeko Likoni anayetibiwa Kisauni huvuka maji mara mbili kwenda na mara mbili kurudi, kwa feri na kwa daraja, kwa ajili ya kikombe kidogo cha dawa. Ushauri nasaha wake unaweza kuendeshwa kwa simu. Kikombe hakiwezi.

Na mtandao nao una siku zake. Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika baharini, na sehemu kubwa ya Afrika Mashariki ikabaki na intaneti ya kusuasua. Tarehe 25 Agosti 2023 stima zilipotea karibu nchi nzima kwa saa nyingi. Mgonjwa aliyekuwa na miadi siku kama hizo alihitaji namba ya kawaida ya kupiga, ambayo hata simu ndogo ya vitufe inaweza kuifikia.

Kuta zenye masikio

Nyumba nyingi za kupanga za Likoni na Kisauni ni za vyumba vilivyopangana pande mbili za ukumbi mmoja, kila chumba na familia yake, na mara nyingi ukuta haufiki darini. Mtu anayetaka kumwambia daktari kwamba anamchukia mumewe, au kwamba usiku uliopita alisimama kando ya maji akatamani kujirusha, atayasemea wapi? Wapo wanaoshuka ufukweni na visikilizi masikioni, wapo wanaosubiri msikiti utoke ili nyumba iwe tupu. Mwanamke anayetumia simu ya mumewe hana hata hilo.

Siri huvuja pia upande wa pili wa waya. Nchini Finland, kituo cha tiba ya akili kiitwacho Vastaamo kilidukuliwa, na Oktoba 2020 wateja wake walianza kupokea barua pepe za vitisho: lipa, au maelezo ya mazungumzo yako na mtaalamu yatachapishwa. Waathiriwa walikuwa takriban 33,000. Mdukuzi, Aleksanteri Kivimäki, alihukumiwa kifungo mwaka 2024. Huko Marekani, kampuni ya BetterHelp ilikubali mwaka 2023 kulipa dola milioni 7.8 baada ya kushtakiwa kuwapa Facebook na wengine taarifa za wateja kwa ajili ya matangazo. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya, ya 2019, inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti. Mteja ana haki ya kuuliza kabla ya kulipa: mazungumzo yanarekodiwa? Faili linakaa wapi? Nani mwingine analisoma?

Pamoja na hayo, kuna siri moja ambayo mtandao huilinda kuliko hospitali. Anayeingia lango la Port Reitz anaweza kukutana na jirani. Anayezungumza na daktari akiwa kitandani, hakuna ajuaye.

Kabla ya daktari

Familia nyingi za Pwani hazimkimbilii daktari kwanza. Hupita kwa shehe kusomewa, kwa mwalimu wa kombe, kwa mchungaji wa maombi, au kwa mganga wa pepo. Mtafiti Linda Giles, katika makala yake ya 1987 kwenye jarida la Africa, alipinga dhana kwamba vilinge vya pepo ni mambo ya wanawake wanyonge wa pembezoni; alivieleza kuwa sehemu ya kiini cha utamaduni wa Waswahili. Daktari wa mbali asiyelijua hilo humwuliza mgonjwa kama anasikia sauti, akajibiwa ndiyo, akaandika ugonjwa. Daktari wa Pwani ataongeza swali: je, sauti hizo zilikuja kwenye ngoma zikaondoka na ngoma, au zinamfuata hadi sokoni na kumkosesha usingizi?

Kaunti ya jirani ya Kilifi imejaribu njia ya kusikilizana. Watafiti wa KEMRI-Wellcome Trust waliwakalisha waganga na wahudumu wa afya pamoja, na kampeni yao ya Difu Simo ikatumia sanaa kuzungumzia maradhi ya akili na kifafa. Bila daraja la namna hiyo, soko la mtandaoni huwachanganya wote. Mtu akitafuta tiba kwenye simu, tangazo la daktari na la mganga wa mapenzi, biashara na wazimu hukaa bega kwa bega. Jambo la kwanza la kufanya ni kulitafuta jina la daktari katika orodha ya waliosajiliwa, ambayo KMPDC huiweka mtandaoni kwa kila mtu.

Usajili unahusu pia Wamombasa walioko ughaibuni. Binti aliyekwenda kufanya kazi za nyumbani Jeddah au Doha, akaanza kukosa usingizi na kulia bila sababu, hutamani mtaalamu anayezungumza lugha yake. Mtaalamu wa Mombasa anaweza kumsikiliza na kumshauri. Karatasi yake ya dawa haina nguvu katika duka la huko.

Mkono wa upande huu

Uganda ilionyesha kwamba hata video si lazima. Shirika la StrongMinds, linalotibu sonona kwa vikundi vinavyoongozwa na watu wasio madaktari, lilihamisha vikao vyake kwenye simu za kawaida janga lilipofunga mikutano mwaka 2020. Somaliland ilitumia intaneti kwa namna nyingine tena: kupitia ushirikiano na King's College London, wanafunzi wa udaktari walifundishwa magonjwa ya akili mtandaoni na wenzao na walimu wa Uingereza. Mtaalamu wa mbali hakumtibu mgonjwa. Alimwezesha aliye karibu naye kumtibu.

Mombasa ina mikono ya kuanzia. Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 nchini kote, wenye mikoba ya vifaa na simu janja. Wanajua nyumba gani ina kijana aliyejifungia wiki ya tatu. Hospitali ya Likoni ina vyumba. Port Reitz ina watu wanaoyajua maradhi haya.

Ukiviunganisha hivyo, sura ya huduma hubadilika. Daktari wa mtandaoni anayemfaa zaidi mtu wa Likoni huenda asiwe yule bingwa wa Nairobi. Anaweza kuwa yule wa Port Reitz, aliye ng'ambo ya maji tu, ambaye mgonjwa akizidiwa ndiye atakayempokea na kumlaza. Siku moja kwa wiki, chumba kimoja chenye mlango unaofungwa, nesi wa akili, kompyuta, mashine ya kupimia presha na mizani. Mgonjwa anafika kwa boda boda. Nesi anaukunja mkono kuona kama umekaza, anamwambia daktari kwenye kioo alichokihisi, anachoma sindano, anaandika tarehe ijayo. Feri inabaki kwa wale wachache wanaohitaji kitanda.

Anayezidiwa usiku hawezi kungoja siku ya kliniki. Shirika la Msalaba Mwekundu lina laini ya bure, 1199, na watoto wana 116. Kuomba msaada kumekuwa na hatari ndogo ya kisheria tangu tarehe 9 Januari 2025, Mahakama Kuu ilipoamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, kinakiuka Katiba. Kabla ya hapo, aliyekiri kwa mtu asiyemjua kwenye simu kwamba amekunywa sumu alikuwa anakiri kosa.

Kinachobaki ni mambo mawili ambayo intaneti haileti: nesi aliyeajiriwa, na dawa zisizokatika bohari. Marekebisho ya Sheria ya Afya ya Akili ya 2022 yaliziwekea serikali za kaunti wajibu wa kutoa huduma hizi. Fedha zake hupangwa katika bajeti ya kaunti, ambayo mwaka wake huanza tarehe mosi Julai na ambayo kwa Katiba haiwezi kupitishwa bila wananchi kuitwa kutoa maoni. Kwenye vikao hivyo watu wa Likoni, Kisauni na Changamwe wamezoea kuuliza habari za maji, barabara na basari. Swali la nesi wa akili na sindano zake lina nafasi kwenye kikao hicho hicho.